Maoni ya Duane Kuhusu Melchior

Mimi shule niliionja tu. Tanga nilisoma chuoni kwa Maalim, Muheza nikapata madarasa mawili matatu kwa wamisheni kwa kuwa mjomba wangu alikuwa mpishi wao, Lusaka nikasoma jioni mpaka mwalimu akahama, na Kiingereza nilichonacho nimekiokota Beira, Harare na barabarani. Nasoma, lakini kwa kurukaruka. Neno nisilolijua naliacha lipite, nangoja linalofuata.

Mwaka 2011 nilikuwa Troyeville, Johannesburg, kwenye internet kafe ya Mzanzibari mmoja aitwaye Bakiri. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuwaambia watu muda wao umekwisha, na kufunga kurasa walizoziacha wazi. Watu huacha mengi wazi humo: maneno ya mapenzi, maombi ya viza, picha za maiti. Mimi kabla ya kufunga nilikuwa nasoma. Ndivyo nilivyomjua Duane.

Duane alikuwa Mmarekani wa Ohio, mwenye ukurasa wake wa kutoa maoni. Kila siku alikuwa na maoni. Leo kocha fulani afukuzwe, kesho viwanja vya ndege vilindwe namna gani, keshokutwa Libya. Libya hajafika, lakini hakuwa na wasiwasi nayo hata kidogo. Mimi nimelala nchi saba na hakuna hata moja ninayoweza kuisemea vile. Nikawa namsoma kila siku kama watu wanavyosikiliza mchezo wa redio.

"Mzee Othmani, huyo mzungu wako leo anasemaje?" Bakiri alikuwa akiniuliza akifungua duka.

"Anasema refa alimwibia."

"Mpaka leo?"

Maana Duane alifika Johannesburg mara moja, kwenye Kombe la Dunia la 2010. Aliiona Marekani ikitoka mbili kwa mbili na Slovenia pale Ellis Park, chini yetu tu, na goli lao la tatu likakataliwa. Mwaka ulikuwa umepita na bado analilia goli.

Siku moja akaandika juu ya ulinzi. Nitasema alivyosema, kwa jinsi nilivyomwelewa. Alisema: watu huniuliza, Duane, Johannesburg si hatari? Nawajibu, ukiwa na Melchior, hapana. Melchior alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni niliyolala. Serikali yetu inanunua mitambo ya mabilioni, Melchior ana chupa tupu. Anaisimamisha kichwa chini juu ya komeo la geti. Mtu akigusa, chupa inaanguka, basi. Mtu mchangamfu, kila mgeni anamwita "shemeji", nadhani maana yake ni bosi. Mkewe Pascasie anauza maandazi. Kupigwa picha alikataa. Watu wa kule wanaamini kamera inachukua roho.

Nilisoma mara ya pili, polepole, bila kuruka neno. Kisha nikakaa juu ya ndoo yangu.

Melchior nilimjua. Mrundi wa Rumonge, aliyekulia kambi za wakimbizi za Kigoma, Kiswahili chake safi kuliko cha Bakiri. Tulipanga nyumba moja, chumba chake na changu vimetenganishwa na ubao. Chupa ile aliisimamisha kwenye mlango wa korido, nami mara mbili nimeiangusha nikienda chooni, naye kutoka kitandani anasema, "Pita, shemeji, nimekusikia." Alikuwa mlinzi wa kampuni, na mkewe ni Pascasie. Mwezi wa tano mwaka 2008, siku zile wageni tulipokuwa tunawindwa mitaani, Melchior alitoka kazini asubuhi na hakufika nyumbani.

Alipotea mwaka 2008. Duane alilindwa naye 2010.

Bakiri alikuja akasoma begani mwangu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Eish," alisema. "Funga hiyo, mzee. Funga tu."

"Nitafungaje?"

"Kama ulivyofunga zingine. Yule mama wiki ijayo ana msiba wake. Utampelekea hiki?"

Hapo ndipo palipokuwa pazito. Warundi mtu wao akifa hulia mara mbili. Mara ya kwanza siku chache baada ya kuzika. Mara ya pili ni baadaye sana, ndugu wote wanakutana, wanaumaliza msiba, mjane anavua nyeusi na maisha yanaruhusiwa kuendelea. Pascasie hakuwa na hata moja. Baada ya vurugu zile yeye na wenzake walikaa kwenye mahema nje ya mji, walipotolewa akaanza kuzunguka: polisi, hospitali, mochwari ya serikali. Kila mahali aliuliza Melchior, wakatazama, hakuna Melchior. Na wale waliookotwa bila jina walikuwa wameshazikwa. Kwa miaka mitatu alivaa nyeusi lakini hakumlilia. Usiku aliisimamisha ile chupa mlangoni. Nilidhani ni woga wa wezi, mpaka aliponiambia, "Siyo wezi, mzee. Akirudi nataka nisikie."

Sasa ndugu wa Rumonge walikuwa wamepiga simu, kanisa nalo limesema imetosha, Jumamosi ijayo msiba umalizwe. Pascasie alikuwa amekubali. Na mimi nimeshika habari kwamba marehemu yuko hai, ana chupa, anawaita watu shemeji. Kumlilia mtu aliye hai, kwao, ni kumchimbia kaburi kwa mikono yako mwenyewe.

Nikampelekea. Nani angenyamaza?

Alikuja kafe akiwa na unga mikononi. Kiingereza hajui, lakini jina lake alilijua. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya hilo neno Pascasie, akakiacha hapo.

"Huyu mtu ananijua?"

"Hakujui. Ameambiwa."

"Na nani?"

Nikamwonyesha neno jingine, Melchior.

"Mwulize alimwona wapi," alisema. "Mwulize leo."

Chini ya maoni ya Duane palikuwa na nafasi ya watu kuandika yao. Niliandika kwa Kiingereza changu cha barabarani: Bwana, mimi ni mzee wa Johannesburg, huyo mlinzi ni jirani yangu aliyepotea, nyumba hiyo iko wapi? Kabla ya kufunga duka alikuwa amejibu, mchangamfu kama kawaida. Alitaja nyumba ya wageni iliyoko Kensington, na mtaa wake. Msalimieni sana, alisema. Mwambieni Duane anasema tuliibiwa.

Kensington. Ukitoka kwetu unavuka robot, taa za barabarani zile, unapanda mlima, umefika. Pascasie aliupima umbali huo moyoni. Niliona anaupima. Miaka mitatu, na mtu yuko nyuma ya mlima.

Asubuhi yake alibisha ubao.

"Mzee, nivae nini?"

"Vipi, nguo?"

"Nikivaa nyeusi na yuko, nimemzika mbele ya macho yake. Nikivaa ya rangi na hayupo, watu watasema nini? Mwenyewe nitajiambia nini?"

Alitoka na ile nyeusi, juu yake amejitanda kitenge cha njano, kama mtu aliyejificha ndani ya mtu mwingine. Tukapanda. Njiani mara moja aliniuliza kama mtu anaweza kupigwa kichwani akasahau nyumbani kwake. Nikamwambia nimewahi kusikia. Nimesikia mambo mengi.

Geti lilikuwa jeusi, refu, na juu ya komeo lake, mchana kweupe, chupa tupu ya bia kichwa chini.

Pascasie alinishika mkono. Kule ndani palisimama mtu ametupa mgongo, anafagia majani. Koti la kampuni lilimkaa mabegani kama lilivyomkaa Melchior, limepungua mikono. Niliona nywele zangu zinasimama, na mimi si mtu wa kuogopa vitu hivyo. Pascasie aligonga kwa ukucha. Chupa ikaanguka upande wa ndani, kwenye nyasi, haikuvunjika.

"Nimewasikia, shemeji," yule mtu alisema, akageuka.

Hakuwa yeye.

Alikuwa kijana kiasi, uso mrefu, kovu dogo kwenye nyusi. Kifuani kibao cha plastiki: MELCHIOR.

Pascasie alikitazama kile kibao, hakuutazama uso. "Unaitwa nani?"

"Melchior, mama." Ilimtoka mara moja, kama mtu anayeulizwa saa.

"Una mke?"

"Ninaye."

"Anaitwa nani?"

Akasita. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo, ukabaki hapo. "Pascasie," alisema. "Anauza maandazi pale kwenye kituo cha taxi."

"Ndiye mimi."

Yule kijana alikaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, pale pale kwenye majani aliyoyakusanya, na ufagio magotini. Alisema kitu kwa Kifaransa, labda sala. Kisha akafungua geti akiwa amekaa vile vile, akinyoosha mkono juu.

Jina lake ni Firmin, Mkongomani wa Uvira. Alitueleza pale pale getini, mara anasema "yeye", mara "mimi", mpaka nikawa namsimamisha nimwulize ni nani anayezungumziwa.

Walikuwa zamu moja, geti moja, yeye na Melchior. Firmin hakuwa na kadi ya ulinzi, karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, kampuni ilimpa kazi kwa siri kwa nusu mshahara. Usiku mzima Melchior anaongea. Anamweleza Rumonge, ziwa, mawese, anamweleza Pascasie anavyoimba akikanda unga na anavyonuna chai ikiwa na sukari kidogo. "Ile mama nilikuwa namjua kabla sijamuona," Firmin alisema. "Hata ile sauti ninaijua."

Asubuhi ile walirudi pamoja kwa miguu, kupita kando ya reli. Wakakuta watu wenye marungu. Wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Siku zile ndilo lilikuwa swali, usipojua umekwisha. Firmin alikimbia. Melchior alikuwa amekunja mkono wake, amekishika kiwiko, anatafuta neno.

"Nilirudi jua likiwa juu," alisema. "Alikuwa amelala pale. Nikasema, polisi watakuja, watu wataiba, acha nitoe kadi na koti nipeleke kwa mke wake ajue. Ninaapa, mama, nilikuwa nakuletea. Kufika kwenye ile nyumba, hakuna mtu, mumeshakimbia wote. Nikaenda kampuni kuwaambia. Msimamizi alikuwa mpya, hajui mtu. Akatazama kadi mkononi mwangu. Akaniita, 'Melchior, nenda Kensington.'"

"Ukasemaje?" Pascasie aliuliza.

"Niliitika."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mara moja tu niliitika, mama. Kutoka siku ile haijakatika. Wageni wanauliza, una familia? Melchior anayo ya kueleza. Mimi nitaeleza nini? Sasa hata kwenye usingizi niko naota Rumonge. Mimi sijafika Rumonge. Naota njia inayoshuka ziwani, na ninajua itakunja wapi."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa jambo jingine, na niliona Pascasie naye analielewa, linampanda usoni taratibu. Wale wa mochwari hawakumdanganya. Hakukuwa na Melchior, kwa sababu Melchior alikuwa kazini. Aliyelala kule hakuwa na kadi. Alizikwa pamoja na wasiojulikana kwa kuwa mwenzake alitaka kumfikishia mkewe habari.

Nilidhani atampiga. Kiganja chake cha kukanda unga ni kizito. Badala yake alivua kile kitenge cha njano, akakikunja vizuri, akakiweka kwapani. Akabaki na nyeusi.

"Jumamosi tunamaliza msiba," alisema. "Ukumbi wa kanisa, Bertrams. Njoo useme ulichosema hapa."

"Mama, nikisema, kazi imekwisha. Ile jina ndiyo inayonilisha. Niko na watoto wawili Uvira. Na polisi watauliza."

"Watauliza."

"Kampuni itasema nimeiba."

"Sikukuita mwizi mimi. Nimekwambia Jumamosi."

Tukashuka mlima. Robot ilikuwa nyekundu, hatukusimama, dereva wa taxi akatutukana mpaka tukafika ng'ambo.

Siku zilizobaki Pascasie hakuweka chupa mlangoni. Usiku wa kwanza nilikuwa nikisikia kutokuwepo kwa ile chupa, kama unavyosikia friji likizimika.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Picha ya Melchior, aliyopigwa siku ya ndoa, ilikuwa mezani na kitambaa cheupe. Waliimba, mchungaji akaomba, halafu akasimama Damien, msemaji wa familia, mtu mnene wa Rumonge mwenye sauti ya kuuzia mnadani. Kwao, kabla ya kumwachia marehemu aende, watu waliokusanyika huulizwa swali, na kwetu Waislamu liko swali kama hilo, kwa hiyo nilikaa sawa.

"Aliye na kitu cha marehemu mkononi mwake," Damien alisema, "aseme leo. Baada ya leo hatutaki kusikia."

Akasimama Bertrand, fundi viatu. "Mimi nina pasi yake."

"Inawaka?"

"Inawaka upande mmoja."

Watu wakacheka, wakafuta macho. "Kaa nayo, pigia upande mmoja wa shati," Damien alisema. "Mwingine?"

Feni inazunguka. Pascasie alikuwa ametazama mbele, mikono mapajani, na mimi, niseme kweli, nilishakata tamaa. Damien akafungua mdomo afunge swali.

"Mimi ninayo."

Firmin alikuwa mlangoni, na koti la kampuni, na kibao. Wale waliomjua Melchior walikiona kibao kwanza, na mama mmoja akapiga yowe.

"Una nini?" Damien aliuliza.

"Jina lake. Nililichukua pamoja na kadi, asubuhi ile walipomuua. Nililitumia miaka mitatu. Kwa sababu yangu amezikwa bila jina." Akaeleza yote, pale pale mlangoni. Wanaume wawili walisimama, mmoja ameshika kiti. Bakiri, aliyekuja kwa ajili ya pilau, akamkalisha yule mwenye kiti kwa kumvuta shati. "Tulia wewe, si umesikia ameulizwa? Ameulizwa, anajibu."

Damien alimgeukia mjane. Ndiyo taratibu yao: kitu kikitajwa, mwenyewe anasema kama anakiacha au anakitwaa.

Ukumbi wote ulimtazama. Nadhani hata Firmin alitegemea ataachiwa. Wengi tulitegemea, maana amesema kweli, ana watoto, na aliyekufa hahitaji kazi.

"Natwaa," Pascasie alisema. "Lete."

Firmin alitembea katikati ya viti akafungua pini. Kibao akakiweka mezani mbele ya picha, kadi akaiweka juu yake, koti akalivua akabaki na fulana iliyotoboka. Akasimama hajui aende wapi.

"Sasa sema lako," Pascasie alimwambia.

Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Tulimwona anatafuta. Alikuwa amekunja mkono mmoja, ameshika kiwiko chake, na sidhani alijua. Mama aliyepiga yowe alianza kulia kwa sauti.

"Firmin," alisema mwishowe.

"Hatujasikia!" mtu wa nyuma akapaaza sauti.

"Firmin!"

Hapo ndipo Pascasie alipolia. Alilia kama maji yaliyozuiliwa, ameinama hadi magotini, na wanawake wakamzunguka wakamvua ile nyeusi. Ndani alikuwa amevaa gauni la kijani.

Jumatatu Firmin alifuatana naye polisi kuandikisha. Kazi alifukuzwa kabla hajaenda. Waliandika maelezo yake kwa jina lake, wakasema makaburi ya wasiojulikana ni mengi, watatafuta. Bado wanatafuta.

Mimi nilibaki na jambo dogo. Duane aliendelea. Kila akiandika juu ya ulinzi, wa bandari, wa shule, wa mpaka wa Mexico, alimtaja: kama anavyosema rafiki yangu Melchior wa Johannesburg. Watu wasio na idadi walikuwa wakiandika chini, huyo Melchior ana akili, tumlete huku. Pascasie aliniomba nimwambie aache. Nikamwandikia kwamba Melchior alikufa mwaka 2008, aliyemwona ni mwingine.

Alijibu siku hiyo hiyo. Alisema pole, lakini haiwezekani, yeye alimshika mkono 2010. Alisema anaelewa huku kwetu watu wanaamini mambo mengi. Kesho yake akatoa maoni marefu juu ya uvumi Afrika na jinsi ya kuukomesha.

Nilimtafsiria Pascasie akiwa jikoni, anageuza maandazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Anasema alimshika mkono?"

"Ndivyo anavyosema."

Akatoa maandazi, akaweka mengine. Mafuta yakachemka juu, yakatulia.

"Mwambie mkono ule ulikuwa wa Firmin."

Nikaandika hivyo hivyo. Hakujibu. Wiki ile alikuwa ameshika maoni ya mpira wa kikapu.